Hiba, Sadaka na Bahati Nasibu: Uteuzi wa Istilahi katika Ugawaji wa Sanaa

Mnamo 1997, msanii M. Vänçi Stirnemann alianzisha mjini Zürich, Uswisi, ubadilishanaji wa kadi za sanaa zenye milimita 64 kwa 89. Kanuni kuu: kadi hubadilishwa, haiuzwi. Je, wapenzi wa kadi hizo wakizigawa ili kuwachangia wagonjwa, tendo hilo liitweje? Aghalabu huitwa ‘zawadi’, neno legelege mno. Kadi iliyotolewa bila kutazamia badala ni hiba. Iliyotolewa kwa ajili ya mhitaji, sadaka. Lakini mwandalizi anapotoza fedha ndipo jina la mtu liingie kwenye kura, hiyo ni bahati nasibu (wapo watakaoiita kamari), na mchoraji aliyenuia sadaka anastahili kuelezwa hivyo kabla hajaitoa kadi yake.