Akiba ya Mwili

Nyuki hujenga masega yao kwa nta. Nta ni jamii ya mafuta: huyeyuka kwa moto, na mshumaa wa nta huwaka vizuri. Je, nyuki huipata wapi? Zamani watu wengi walidhani ya kuwa hutoka katika chavua ya maua. Lakini François Huber wa Uswisi (1750–1831), ambaye alikuwa kipofu, alilijaribu jambo hili kwa msaada wa mtumishi wake. Aliwafungia nyuki wasipate chavua, akawalisha asali, na wengine sukari iliyoyeyushwa majini. Nyuki wakatoa nta vile vile. Basi ikajulikana ya kwamba nyuki hugeuza sukari kuwa nta.

Katikati ya karne ya 19, mabwana wawili wa Uingereza, Lawes na Gilbert, walitwaa nguruwe wawili wa mzao mmoja, wenye uzito karibu sawa. Mmoja alichinjwa mara moja. Wa pili alinenepeshwa kwanza, ndipo akachinjwa. Walipopima, waliona kwamba mafuta yaliyoongezeka mwilini mwake yalizidi sana mafuta yaliyokuwamo katika chakula chake. Mengine yalifanywa na mwili wenyewe.

Na mwili wa mtu je? Ugali, wali, muhogo na ndizi vina wanga mwingi. Tafuna kipande cha mkate kwa muda mrefu, nawe utaonja utamu: mate yameanza kuugeuza wanga kuwa sukari. Utumbo mwembamba huimaliza kazi hiyo, na sukari, iitwayo glukosi, huingia katika damu na kufika katika ini. Hapo kongosho hutoa insulini, ambayo ni kama mjumbe wa kuuambia mwili, “Pokeeni sukari.”

Sukari hiyo hutumiwa kwa njia tatu. Kwanza, huchomwa ili kutupa joto na nguvu za kulima, kukimbia na hata kupumua. Pili, huwekwa kama glaikojeni katika ini na misuli. Lakini ghala hii ni ndogo: kwa mtu mzima, ini laweza kuweka yapata gramu 100, na misuli yote yapata gramu 400. Tatu, ghala ikijaa, ini huivunja sukari iliyozidi kuwa vipande vidogo, kisha huviunga kama shanga katika uzi. Vipande 8 hufanya mnyororo mmoja, na minyororo mitatu ikifungwa pamoja huwa mafuta. Damu huyachukua mpaka chini ya ngozi na tumboni, yakawekwa huko.

Kwa watu, njia hii ya tatu kwa kawaida ni nyembamba. Mtu akila wanga mwingi pamoja na mafuta, mwili huchoma wanga kwanza, na mafuta ya chakula huwekwa bila kuguswa. Kwa njia yo yote, kilichozidi huwa akiba. Kwa hiyo asijidanganye mtu kwa kusema, “Mimi sili mafuta, basi sitanenepa.”

Mafuta ya mwili si adui. Gramu moja ya mafuta hutoa nguvu kupita mara mbili ya gramu moja ya wanga. Mgonjwa asiyeweza kula siku kadha wa kadha huishi kwa akiba hiyo. Wahenga walisema, “Akiba haiozi.” Lakini mwenye kuweka kila siku asitoe hata siku moja, mwisho hulemewa na mzigo wake: moyo hutaabika, na ugonjwa wa kisukari huweza kumpata. Basi tule kwa kiasi, tusizidishe sukari katika chai, tuongeze maharagwe na mboga, tena tufanye kazi na kucheza, ili kinachoingia ghalani kipate kutoka.

Maswali

1. Huber alijuaje kwamba nta haitoki katika chavua?
2. Taja njia tatu za mwili kutumia sukari.
3. Kwa nini mtu asiyekula mafuta huweza kunenepa?