Ploti ya Mama na Binti Anayemtunza

Huko Ruiru na Thika, ambako mashamba ya kahawa yamekatwa kuwa ploti, mama mgonjwa humwambia binti anayemwogesha: “Ploti hii ni yako.” Ahadi hiyo ni dhaifu. Kwa Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, wosia wa mdomo huhitaji mashahidi wawili, tena hubatilika mama akiishi zaidi ya miezi 3. Basi na auandike angali na akili timamu, atie sahihi mbele ya mashahidi wawili. Binti asiwe mmoja wao, asije akapoteza alichoachiwa! Ndugu nao waambiwe mapema, na wakubaliane nani atachangia dawa. Ugomvi mwingi huanzia hapo.