PAA LA GARI LINAPOVUJA



Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo dogo lililotutia hasara. Jambo lenyewe ni tundu la hewa lililo juu ya paa la gari. Huenda utasema, "Mimi sina gari, hayo yananihusu nini?" Subiri kwanza. Gari la kikundi chenu, basi dogo unalopanda kwenda sokoni Tengeru siku ya Jumamosi, hata paa la jiko lako pale bomba la moshi linapotokea, vyote huvuja kwa sababu zile zile. Mahali popote bati lilipotobolewa, maji yanapatafuta.

Gari letu la kisomo lilikuwa zamani gari la watalii. Wenyewe walikuwa wanalala humo ndani porini. Ndiyo maana limetobolewa juu: shimo la mraba, lenye fremu ya plastiki na kifuniko kinachopanda na kushuka kwa mkono wa kuzungusha. Watu wanne wakilala ndani ya gari lililofungwa madirisha, pumzi zao hugeuka maji usiku, na asubuhi dari inadondosha. Tundu lile huondoa unyevu na joto. Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda juu. Ikipata mlango huko juu inatoka, na hewa baridi inaingia kwa chini. Hata zile Land Rover za zamani ambazo wazee wetu wanazikumbuka, baadhi yao zilikuwa na paa la tabaka mbili, na hewa ikipita katikati, na vitundu vya kuingiza hewa ndani. Waliozitengeneza walijua jua letu.

Sisi hatulali ndani ya gari. Tunabebea vitabu, madaftari, chaki na cherehani mbili za darasa la ushonaji. Mwezi wa Aprili tulikuwa tunarudi kutoka Ngarenanyuki kuja Usa River. Mahali fulani matawi yameinamia barabara. Tukasikia kishindo juu, paa! Dereva akasema, "Tawi hilo," tukaendelea na safari. Hakuna aliyeshuka kutazama. Upande ule wa mlima mvua ni chache. Ukikaa Ngarenanyuki au Oldonyosambu unaweza kumaliza miezi usijue kwamba paa lako limetoboka, kinachoingia ni vumbi tu. Lakini kesho yake tulilaza gari Nkoaranga, upande wa kusini, na masika ya huko jamani mnayajua.

Asubuhi tulifungua mlango tukakuta madaftari ya darasa zima yamevimba kama mikate. Wino umekuwa maji ya buluu. Juu kabisa ya yale madaftari ilikuwapo barua ya bibi mmoja mwanakisomo wetu. Alikuwa amemwandikia mjukuu wake aliyeko Mererani, nasi tulikuwa tumeahidi kuipeleka posta. Ilikuwa barua yake ya kwanza kuandika kwa mkono wake mwenyewe. Halikubaki hata neno moja la kusomeka.

Tulikwenda kumwambia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haidhuru, Mwalimu, nitaandika nyingine. Lakini hilo gari lenu lizibeni."

Kosa letu la pili

Kosa la kwanza lilikuwa kutokushuka kutazama. La pili ni hili: tulipanda juu, tukaona kifuniko kimepasuka pembeni, tukanunua lami tukapaka kila mahali. Tukafurahi. Baada ya wiki mbili maji yakaingia tena, na safari hii yakaja na rangi nyeusi.

Lami ina kasoro gani? Mchana jua huilainisha, usiku baridi huikaza, na hapa kwetu karibu na mlima, mwezi wa Juni na Julai baridi yake si ya mchezo. Kulainika na kukaza, kulainika na kukaza, mwisho inaachana na bati na kufanya ufa mwembamba. Maji yakiingia chini ya lami hayaoni njia ya kutoka. Yanakaa pale pale yakila bati. Tena ukitaka baadaye kuweka gundi nzuri, haishiki mpaka uikwangue lami yote. Kazi hiyo ilituchukua siku nzima, na tulistahili.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa darasa letu la jioni. Kumbe alifanya kazi miaka mingi kwenye gereji za magari ya watalii mjini. Alikuwa anatutazama tu, nadhani kwa heshima, maana sisi ndio tunaitwa walimu. Tulipomuuliza akacheka. "Mwalimu, maji hayaingii pale unapoyaona yakidondoka."

Kutafuta mahali penyewe

Hilo ndilo somo lenyewe, ndugu msomaji. Maji yakishaingia hutembea juu ya dari yakifuata mteremko, kisha hudondoka mbali. Kwa hiyo usizibe kwa kukisia. Simamisha gari mahali pa tambarare. Mtu mmoja aingie ndani na tochi na chaki. Mwingine awe juu na kopo la maji. Amwage polepole akianzia sehemu ya chini ya mteremko, asubiri dakika chache, ndipo apande kidogo. Ukianza juu utalowesha kote na hutajua chochote. Aliye ndani akiona tone, anapiga kelele na kuweka alama.

Na huko juu usikanyage bati katikati. Bati la paa ni jembamba, litabonyea, na pale palipobonyea maji yatatuama. Laza mbao mbili zinazofika kingo zote mbili za gari, ukae juu ya mbao. Mtu mwingine ashike ngazi.

Sisi tuligundua kwamba maji hayakuwa yanapita kwenye ufa wa kifuniko peke yake. Fremu nayo ilikuwa imepasuka kona moja, na gundi ya chini yake imekauka kama magome. Plastiki hufa kwa jua. Mji wa Arusha uko kiasi cha meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo na miale mikali ya jua hupita kwa urahisi zaidi. Plastiki iliyokuwa laini inakuwa ngumu na kuvunjika kama yai. Ukiibonyeza kwa kidole ikalia, ujue imekwisha, usipoteze gundi yako. Kama kifuniko tu ndicho kibovu na fremu ni nzima, badilisha kifuniko. Fremu ikipasuka, toa vyote.

Kupima

Hapa ndipo hesabu za kisomo zinapofanya kazi. Mmoja wetu (hatutamtaja, lakini ndiye anayeandika vipimo ubaoni) alipima kifuniko akaenda navyo mjini. Kifuniko siku zote ni kikubwa kuliko tundu. Linalopimwa ni tundu lenyewe, kutoka ukingo wa bati hadi ukingo wa bati, pande zote mbili. Matundu ya magari ya Ulaya mara nyingi ni sentimeta 40 kwa 40. Ya Marekani ni inchi 14 kwa 14, yaani kama sentimeta 35 na nusu. La kwetu lilikuwa la 40. Baada ya kuzunguka gereji za Unga Limited tulipata fremu na kifuniko vizima kutoka kwenye gari lililokufa.

Kama hupati, fundi wa mabati anaweza kukutengenezea kifuniko cha bati chenye kingo zilizokunjwa kuelekea chini, kama kifuniko cha sufuria. Ile kingo ndiyo siri. Kifuniko bapa kisicho na kingo hurudisha maji ndani. Lakini angalia: kama paa ni la alumini, kama yale ya Land Rover, usilikutanishe na skrubu za chuma cha kawaida. Metali mbili tofauti zikikutana penye maji, moja huila nyingine. Alumini hutoa unga mweupe na tundu la skrubu hupanuka. Tumia ribiti za alumini.

Kazi yenyewe

Fungua skrubu zote, uziweke kwenye kopo. Kwangua gundi ya zamani kwa kipande cha mti kilichochongwa bapa. Ukitumia kisu utakwaruza rangi, na mkwaruzo ni mwanzo wa kutu. Penye kutu piga msasa mpaka bati liwe jeupe, kisha paka rangi ya kuzuia kutu, uiache ikauke kabisa. Chunguza mbao za ndani: zidunge kwa ncha ya bisibisi, ikizama ujue zimeoza na hazitashika skrubu.

Halafu futa kwa spiriti, milango ikiwa wazi na pasiwe na moto wala sigara karibu. Petroli usiguse kabisa. Mafuta ya taa nayo huacha utelezi na gundi haishiki.

Zungushia chini ya fremu utepe wa gundi laini isiyokauka, ule mafundi wa vioo vya magari wanaoutumia. Ncha mbili zipishane kidogo. Silikoni? Inafaa, lakini ile inayonuka kama siki huwa na asidi inayokula bati tupu, na silikoni mpya haishiki juu ya silikoni kuukuu.

Sasa bandika fremu. Bawaba ziwe upande wa mbele wa gari. Tulimuuliza mzee kwa nini. Akasema, "Ukisahau kufunga na gari likikimbia, upepo utalaza kifuniko. Bawaba zikiwa nyuma, upepo utakiinua ukichukue." Kaza skrubu kwa kupishana, hii na ile inayoikabili, kidogo kidogo, mpaka gundi ichungulie pande zote. Usikaze kwa hasira, plastiki itapasuka. Kesho yake kaza tena kidogo, maana gundi hulegea ikishakaa. Mwisho funika vichwa vya skrubu kwa gundi.

Tuliacha siku moja, tukamwaga ndoo kumi za maji. Ndani kukavu. Siku hizi kila tukipita kwenye matawi dereva anashuka mwenyewe bila kuambiwa. Bibi ameandika barua nyingine, ndefu kuliko ile, na safari hii tuliifunga kwenye mfuko wa plastiki.

Zoezi

1. Tundu ni la mraba, sentimeta 40 kila upande. Utepe wa kuzunguka ukingo wake wote utakuwa na urefu gani? Ongeza sentimeta 5 za kupishana.

2. Fundi anakata bati la kifuniko. Sehemu ya juu iwe sentimeta 44 kwa 44, na kingo za kukunja sentimeta 3 kila upande. Akate bati la ukubwa gani?

3. Nenda na mwenzako kwenye jiko la nyumbani. Mwageni maji kuzunguka bomba la moshi, mkianzia chini. Andikeni mlichoona, mlete darasani.