Kiungo cha Taya na Maumivu Yake

Mwezi huu twataka kujifunza habari za kiungo kidogo ambacho watu wengi hawakifikiri hata siku kiwaumapo. Ndicho kiungo cha taya.

Tuseme mama mmoja wa Puge, katika nchi ya Unyamwezi, kaskazini ya Tabora, ameamka asubuhi na maumivu mbele ya sikio. Akitafuna matobolwa na karanga, taya lalia "ka!", wala kinywa hakifunguki sawasawa. Jirani wa kwanza amwambia, "Mama, ni jino hilo, ling'olewe." Wa pili asema, "Ni sikio, tia mafuta ya moto." Wa tatu asema, "Umerogwa, na uchanjwe shavuni." Je, afuate neno la nani? Akikosea, aweza kupoteza jino zima bure, au kuharibu sikio, au kupata ugonjwa wa kufisha kwa jeraha la wembe. Kwa hiyo yatupasa kulijua jambo hili vema, hasa sisi ambao watu hutujia kuuliza shauri.

1. Kiungo chenyewe

Weka ncha za vidole mbele ya masikio yako, kisha fungua kinywa na kukifunga. Kile kinachotembea chini ya vidole ndicho kichwa cha taya la chini. Viungo hivi ni viwili, navyo hufanya kazi pamoja kama ng'ombe wawili chini ya nira moja: mmoja akichechemea, mwenziwe naye huchoka. Tena si kama bawaba ya mlango tu, maana taya huzunguka kwanza, kisha huteleza mbele. Katikati ya mifupa mna kisahani cha gegedu, kusudi mfupa usisuguane na mfupa. Misuli ya mashavu na ya panja huvuta taya kwa nguvu nyingi. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida aweza kuingiza vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine, kati ya meno yake ya mbele.

2. Sababu za maumivu

Mara nyingi ugonjwa umo katika misuli kuliko katika mfupa. Wako watu wasagao meno usingizini bila kujijua. Wengine huyauma meno mchana kwa sababu ya mashaka, deni, au msiba. Wengine hutafuna vitu vigumu siku nzima. Wengine walipigwa au walianguka. Pengine kisahani kimehama mahali pake, na hapo ndipo mlio hutokea. Walakini mlio peke yake, usio na maumivu, si ugonjwa wa kuogofya; watu wengi wanao, wala hauhitaji dawa. Maumivu haya huwapata wanawake kuliko wanaume, nayo huweza kuenea mpaka sikioni, kichwani na shingoni. Ndiyo maana watu hudhani ni jino au sikio.

3. Matunzo ya nyumbani

Habari njema ni hii: wagonjwa wengi hupona kwa matunzo mepesi, katika majuma au miezi michache. Kwanza, lipumzishe taya. Kula uji, ugali laini, maharagwe yaliyoiva sana na ndizi. Acha kwa muda miwa, mahindi ya kuchoma na matobolwa makavu. Pili, bandika kitambaa cha maji ya moto kiasi, kisichounguza, kwa dakika 15 au 20, mara mbili au tatu kwa siku. Tatu, ukipiga miayo, tegemeza kidevu kwa mkono. Nne, jizoeze neno hili: midomo ifungwe, meno yasigusane. Meno hukutana wakati wa kula na kumeza tu. Tano, dawa ya maumivu kama parasetamoli yafaa kwa siku chache, kwa kipimo kilichoandikwa.

Yasipopungua, nenda kwa daktari wa meno. Huyo atalitazama jino na kiungo pia, na pengine atakutengenezea kifuniko cha meno cha kuvaa usiku. Usikubali meno mazima yang'olewe kabla ya kupimwa.

4. Dalili za hatari

Yako mambo yasiyongoja. Taya likikazana baada ya jeraha, hata jeraha dogo la mwiba, msumari au wembe, ogopa pepopunda. Kwa kawaida huanza siku 3 hadi 21 baada ya kuumia, na mara nyingi kukazana kwa taya ndiko dalili yake ya kwanza. Mpeleke mgonjwa hospitali siku ile ile. Basi tazama: yule aliyeshauri kuchanja shavu aweza kuuleta ugonjwa mbaya kuliko ule aliotaka kuuponya. Kinga yake ni chanjo, wapewayo watoto wachanga na mama waja wazito.

Vivyo hivyo uvimbe wa shavu au wa chini ya ulimi pamoja na homa, hasa mgonjwa akishindwa kumeza au kupumua. Na maumivu ya taya yaliyofuatana na kubanwa kifua na jasho, maana moyo nao huweza kuumia hivyo. Tena kinywa kikifunguka kisiweze kufungwa, taya limeteguka. Ufundi wa kulirudisha ni wa kale sana: waraka wa waganga wa Misri, ulionakiliwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, waueleza. Lakini ni kazi ya mkono uliofundishwa, wala si ya jirani.

Basi mama yule wa Puge afanyeje? Kama hana jeraha, wala homa, wala uvimbe, na apumzishe taya lake kwa majuma machache, kisha aende kupimwa lisipopoa. Na sisi tulioulizwa tusione haya kusema, "Mama, ngoja kwanza, tusing'oe, tusichanje."

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini maumivu ya taya hudhaniwa kuwa ya jino au ya sikio?
2. Meno yapasa kugusana wakati gani?
3. Taja dalili tatu zinazotaka hospitali mara moja.
4. Kuchanja shavu kwaweza kuleta hatari gani?