Asubuhi Bila Machozi: Kumtayarisha Mtoto wa Chekechea kwa Siku ya Shule

Pita karibu na lango la shule ya chekechea asubuhi, iwe ni Igembe, Imenti, Runyenjes au Mbeere, na huenda ukasikia kilio. Mtoto mmoja ameng'ang'ania leso ya mama yake. Mwingine amefika akihema, kamba za viatu hazijafungwa na hajatia kitu tumboni. Kipindi cha PP1 na PP2 ni dakika 30 pekee. Mwalimu akitumia dakika 15 kubembeleza, darasa zima limepoteza nusu ya somo.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, elimu ya chekechea ni jukumu la serikali ya kaunti. Hata hivyo, saa mbili zinazotangulia lango la shule ziko mikononi mwetu wazazi na walezi.

Kwa nini mtoto hulia?

Mtoto wa miaka minne au mitano hajui kusoma saa. Yeye huipima siku kwa matukio: uji kwanza, kisha sweta, kisha njia ya shule. Matukio yakifuatana vilevile kila siku, anajua kinachokuja na anatulia. Leo akiamshwa kwa upole na kesho kwa kelele, leo anywe uji na kesho avutwe mkono akiwa na njaa, kila asubuhi inakuwa jambo geni. Tunamwita mkaidi, kumbe amechanganyikiwa tu.

Asubuhi huanza jioni

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtoto wa miaka mitatu hadi minne alale saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Tufanye hesabu. Mtoto anayeamshwa saa kumi na mbili asubuhi, naye halali mchana, anapaswa kuwa usingizini kufikia saa mbili usiku. Akikaa mbele ya televisheni hadi saa nne, amebakiwa na saa nane tu, na ataamka akiwa na hasira.

Kabla hajalala, wekeni pamoja sare, soksi, viatu na mkoba mahali pamoja. Mwache achukue vitu hivyo mwenyewe. Miezi ya Juni na Julai, baridi ya Mlima Kenya inapouma, sweta ikae karibu na kitanda.

Hatua tano, kwa mpangilio uleule

1. Kuamka na kwenda choo.
2. Kunawa uso na mikono.
3. Kuvaa nguo. Mtoto avae anachoweza, wewe umalizie vifungo.
4. Kunywa uji. Uji wa wimbi, au chai na kiazi kitamu au nduma, unatosha.
5. Kuchukua mkoba na kushika njia.

Mpangilio ni muhimu kuliko dakika. Mwamshe mapema kidogo, ili avae mwenyewe bila kuharakishwa. Lakini pia si lazima atoke gizani: Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema masomo katika shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi. Kwetu hapa karibu na ikweta jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Kwa wengi wetu, mtoto anaweza kutembea kukiwa na mwanga.

Mzazi anapoondoka alfajiri

Wengi wetu tunatoka mapema: kuchuma majani chai au miraa, kupeleka maziwa, au kutafuta maji katika maeneo makavu ya Mbeere. Nyumba hizi pia zinaweza kuwa na utaratibu. Kinachohitajika ni kwamba yeyote anayebaki, awe nyanya, baba au dada mkubwa, afuate hatua zilezile tano. Jioni mwambie mtoto wazi: "Kesho nyanya ndiye atakupa uji." Asiamke na kukuta umetoweka.

Langoni na darasani

Usitoroke mtoto akiwa ameangalia kando. Kesho yake atakushika kwa nguvu zaidi. Agana naye kwa ufupi, na umwambie utakaporudi kwa tukio analolijua: "Nitakuja mkimaliza kucheza." Kisha uondoke kweli, na urudi kama ulivyosema.

Mwalimu naye humsaidia mtoto kwa kumpokea mlangoni kwa jina lake, katika lugha anayoielewa, iwe ni Kimeru, Kiembu, Kimbeere au Kiswahili. Mkoba uwe na mahali pake maalum. Mchezo mfupi, wimbo na kuuliza hali ya hewa vitangulie somo la kwanza, kila siku kwa mpangilio huo.

Kilio kisipoisha

Utaratibu huchukua siku kadhaa kuzoeleka. Mtoto akiendelea kulia kwa wiki nyingi, usimchape. Kaa naye umuulize: Je, kuna mtoto anayemsumbua? Anaogopa shimo la choo? Anaumwa? Kuna mtu anayemtisha njiani? Zungumza na mwalimu siku hiyohiyo. Kilio cha asubuhi wakati mwingine ndiyo njia pekee ya mtoto ya kusema kuna jambo.

Zoezi la wiki hii

Jumapili jioni, keti na watu wote wa nyumbani na mkubaliane hatua zenu tano. Mtoto azitaje kwa vidole vya mkono mmoja. Ijumaa, jiulizeni:

- Ni asubuhi ngapi tulifuata hatua zote?
- Ni hatua gani ilituchelewesha, na tungeweza kuitayarisha jioni?
- Ni hatua gani ambayo sasa mtoto anaifanya bila kuambiwa?

Jibu la swali la mwisho likiongezeka kila wiki, jueni utaratibu wenu umeanza kushika.