Somo la 31: Kufunga si kuona njaa

Jumatano ya Majivu, saa nne asubuhi, mtoto mmoja wa mwaka wa tano alianguka katika uwanja wa shule. Wenzake walimbeba, wakamlaza chini ya mwembe. Mwalimu akamwuliza:

– Umekula nini leo?

– Sijala kitu, mwalimu. Wala jana jioni sikula. Baba anafunga, nami nafunga. Na mdogo wangu naye anafunga.

– Mdogo wako ana miaka mingapi?

– Miwili. Anaharisha tangu juzi. Nkambo amesema tumbo lake lifungwe mpaka kuhara kukome. Asipewe uji wala maji.

Mwalimu hakungoja tena. Alimpa yule mtoto kikombe cha uji, akaliacha darasa mikononi mwa mwenzake, akaenda naye nyumbani mbiombio. Habari ya nyumbani tutaisoma mbele. Kwanza tujue jambo moja: katika nyumba ile watu watatu walikuwa hawali, lakini mmoja tu ndiye aliyefunga. Tuanze na huyo, yaani baba.

Baba ni mtu mzima mwenye afya. Jana alikula bukari, maharagi na sombe. Chakula kile kilikaa katika tumbo saa chache, kikashuka katika utumbo mwembamba. Utumbo huo ni mrefu: kwa mtu mzima hupata kama mita 6, nao umekunjwakunjwa ili uenee ndani yetu. Halafu unafuata utumbo mnene, kama mita moja na nusu. Ukuta wa ndani wa utumbo ni mwembamba ajabu. Umefunikwa na safu moja tu ya chembe, nazo ni dhaifu. Kwa hiyo kila siku tatu hadi tano chembe za zamani huanguka na mpya huchukua mahali pao. Juu yake umepakwa ute, kama nyumba iliyopakwa udongo ili mvua isiingie.

Utumbo ukiwa mtupu haulali. Kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi, mawimbi ya nguvu huanza katika tumbo na kwenda polepole mpaka mwisho wa utumbo mwembamba. Mawimbi hayo ni kama ufagio. Makombo, ute wa zamani na mikrobe waliobaki nyuma husukumwa chini. Ule mngurumo unaosikia tumboni kabla ya kula, mara nyingi ni ufagio huo. Lakini ukila kitu, hata kipande cha muwa, ufagio huwekwa chini, na kazi ya kusaga chakula huanza. Basi mtu anayetafunatafuna toka asubuhi mpaka usiku haupi utumbo wake nafasi ya kufagia.

Kufunga kunafanya kazi nyingine pia. Mwiba ukikuchoma mguuni, mahali pale panakuwa pekundu, panapata moto, panavimba, panauma. Ni askari wa damu wanaokimbilia pale kupigana na mikrobe. Moto huo ni mzuri, kwa sababu unatulinda. Lakini pengine moto unawaka ndani ya mwili bila mwiba wowote, mdogomdogo, siku nyingi, nao unaharibu matumbo, viungo na mishipa ya damu. Mwaka 2019 wataalamu wa New York walitangaza kwamba waliwapima watu wazima wenye afya waliokaa saa 19 bila kula. Askari wa aina moja, wale wawashao moto, walikuwa wamepungua katika damu yao. Hiyo si dawa ya kila ugonjwa, na anayesema kufunga kunaponya kila kitu anawadanganya watu. Lakini inaonyesha kwamba mwili wa mtu mzima unajua kupumzika.

Sasa jioni imefika, na baba anafungua. Atakula nini? Hapa ndipo penye maneno mengi, kwa sababu mtu anaweza kufunga vizuri mchana na kuuharibu mfungo wake usiku kwa sahani ya mafuta.

Katika utumbo mnene wanaishi mikrobe wengi mno. Hesabu yao inakaribia hesabu ya chembe zote za mwili wako, ingawa uzito wao wote ni kama gramu 200 tu. Wengi wao si adui. Ni wageni wanaolipa kodi ya nyumba. Sisi hatuwezi kusaga nyuzi za maharagi, za sombe, za lengalenga, za viazi vitamu. Nyuzi hizo hupita salama mpaka utumbo mnene, na hapo mikrobe huzila. Wakizila, wanatoa asidi ndogondogo, na mojawapo inaitwa butirati. Hiyo butirati ndiyo chakula cha chembe za ukuta wa utumbo mnene, nayo inatuliza moto. Na wasipopata nyuzi? Wataalamu walijaribu kwa panya, wakaona kwamba baadhi ya mikrobe wakikosa nyuzi huanza kuula ule ute wa ukutani. Mgeni mwenye njaa anabomoa nyumba.

Jambo hili limejaribiwa kwa watu pia. Habari zake zilitangazwa mwaka 2015. Walichukuliwa Wamarekani weusi 20 wa mji wa Pittsburgh, na watu 20 wa vijijini katika Afrika Kusini. Kwa wiki mbili walibadilishana vyakula. Wamarekani walipewa chakula cha kijijini, chenye gramu 55 za nyuzi kwa siku na mafuta machache. Wale wa kijijini walipewa nyama na vyakula vya mafuta, na nyuzi gramu 12 tu. Wiki mbili ni kitu gani? Hata hivyo, waganga walipotazama ndani ya matumbo yao waliona mabadiliko. Kwa Wamarekani moto wa utumbo ulipungua na butirati iliongezeka. Kwa watu wa kijijini ilikuwa kinyume. Nanyi mnajua vijana wanaotoka mjini wakidharau maharagi na sombe kuwa chakula cha maskini! Denis Burkitt, mganga mpasuaji aliyezaliwa Ireland mwaka 1911, alifanya kazi miaka mingi katika Uganda, jirani yetu. Aliona kwamba magonjwa mengi ya matumbo yaliyojaa katika hospitali za Ulaya yalikuwa haba kwa watu wa vijiji vya Afrika, naye baadaye akazunguka akiwahimiza Wazungu wale nyuzi.

Basi baba afungue kwa maji, kisha ale maharagi, majani na bukari, na samaki kidogo akipata. Ale polepole.

Sasa tumtazame mtoto wa mwaka wa tano. Yeye alifikiri anamfuata baba yake, lakini hakuna aliyemwagiza. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema wazi: kufunga ni kwa waliotimiza miaka 18 mpaka waanze mwaka wa 60, na kuacha nyama ni kwa waliotimiza miaka 14. Tena kufunga kwenyewe ni kula mlo mmoja wa kushiba, na vingine viwili vidogo, siku ya Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Wagonjwa na wenye mimba hawashurutishwi. Hata jirani zetu Waislamu, kama wale wa Kasongo, wanaofunga mchana mwezi mzima wa Ramadani, wanajua kwamba mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula na kulipa siku zao baadaye.

Mtoto anakua. Mifupa yake, damu yake, akili yake vinaomba chakula kila siku. Anayetaka kumtolea Mungu kitu katika Kwaresima aache muwa wake ampe mwenzake, au achote maji kwa mama mzee wa jirani. Uji wa asubuhi asiuache.

Wa tatu ni yule mdogo, naye ndiye aliyemtoa mwalimu darasani mbio.

Mama yake alikuwa na mimba nyingine, naye alikuwa amemwachisha kunyonya. Alikuwa ameyaacha maziwa, ambayo yana sukari za namna ya pekee: mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga, zimewekwa kwa ajili ya mikrobe wazuri wa tumbo lake. Sasa alikula bukari tupu, na maji aliyokunywa yalitoka mtoni bila kuchemshwa. Mtoto wa namna hii anakula mikrobe wa uchafu kila siku. Ukuta wa utumbo wake unawaka moto bila kupoa. Vile vidole vidogodogo vya ukutani, vinavyokamata chakula, vinafupika na kulala chini. Akila kidogo, hapati faida yake yote, na asipokula, ukuta hauna kitu cha kujijenga upya. Ndivyo njaa inavyoleta kuhara, na kuhara kunaleta njaa. Kutoka hapo si mbali kufika kwashakoo, ugonjwa wa miguu kuvimba na nywele kubadilika rangi. Jina lake limetoka katika lugha ya Waga wa Ghana: ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kifuani kwa sababu mwingine amekuja.

Mwalimu alipofika alimkuta mtoto amelala, macho yameingia ndani, mdomo mkavu. Alivuta ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili, nayo ilirudi polepole sana. Nkambo alikuwa karibu naye, amechoka kwa kukesha. Hakuwa mtu mbaya. Aliona maji yanaingia na kutoka, akafikiri kwamba akiyazuia juu, yatakoma chini. Lakini anayeharisha anatoka maji na chumvi hata asipokunywa tone. Wazee wa Goma wanakumbuka Julai 1994, kipindupindu kilipowaua wakimbizi maelfu na maelfu, na wengi walikufa kwa kukaukiwa.

Mwalimu aliomba maji yaliyochemshwa na kupoa. Katika litre moja alitia vijiko 6 vidogo vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Akaonja: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Utumbo unaoharisha unakataa kushika maji matupu, lakini sukari inapopita ukutani chumvi inapita pamoja nayo, na maji yanaifuata. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, mganga Dilip Mahalanabis alikosa maji ya sindano katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India. Akawanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji ya chumvi na glukosi, na wale waliokufa wakawa chini ya 4 katika 100.

Kijiko kimoja, kisha kingine. Mtoto akatapika. Walingoja dakika 10, wakaanza tena. Baba alimbeba mpaka dispanseri, mama akimnywesha njiani. Mwuguzi akampa vidonge vya zinki vya kunywa siku 10, akasema ale: uji wenye unga wa maharagi, ndizi iliyopondwa, mara nyingi, kidogokidogo, hata kama bado anaharisha. Siku ya tatu nkambo mwenyewe ndiye aliyekaa na kikombe na kijiko. Ijumaa mdogo yule aliiona ndizi mkononi mwa kaka yake, akalia mpaka akapewa.

Maulizo. – Ufagio wa utumbo unafanya kazi wakati gani, na kitu gani kinausimamisha? – Mikrobe wa utumbo mnene wanatoa nini wakila nyuzi? – Nkambo alikosea wapi, na kwa nini alifikiri hivyo? – Nyumbani kwenu, tayarisha pamoja na mama yako litre moja ya maji ya chumvi na sukari. Mwonyeshe mwalimu vipimo vyako.