Bega Lililoshonwa Lisiharakishwe Kurudi Uwanjani

Ndugu wanakikundi, hapa Kakamega raga ni mchezo wa nyumbani, hasa tangu Kabras Sugar waliponyakua Kenya Cup kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Vijana wetu wanakabana, wanaanguka, na mabega yanatoka. Bega likizoea kutoka, daktari anaweza kulifanyia upasuaji. Somo letu linaanza pale kijana anaporudi nyumbani kutoka hospitali.

Kijana mmoja wa eneo letu alishonwa bega. Wiki ya nane hakusikia maumivu yoyote. Basi akavaa jezi, akaingia uwanjani, nasi tukampigia makofi, mimi nikiwa mstari wa mbele. Alianguka mara moja tu juu ya ule mkono, bega likatoka tena. Mama yake alikuwa ameuza ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya upasuaji wa kwanza. Wa pili haukuwa na ng'ombe wa kuuza.

Kosa letu lilikuwa nini? Tulipima kupona kwa maumivu. Bega ni kama chungwa lililokaa juu ya kisosi: mfupa ni mkubwa na kikalio chake ni kifupi. Ndiyo maana mkono huzunguka pande zote, na ndiyo maana hutoka upesi. Linaloushikilia ni kano, misuli na ukingo laini wa kile kikalio. Nyuzi za daktari hushika kwa muda tu, mpaka nyama ijishike yenyewe na mfupa. Maumivu huisha kabla ya kazi hiyo kwisha. Fikirini sakafu ya saruji: juu imekauka, lakini ukipitisha mkokoteni kesho yake itapasuka.

Kwa kawaida mkono hufungwa shingoni kwa kitambaa wiki 3 hadi 6. Vidole na kiwiko vifanyiwe mazoezi tangu mwanzo visikakamae. Halafu mkono huinuliwa polepole, ukisaidiwa na ule mzima. Kutia nguvu huja baadaye, wengi karibu miezi 3, na hapo si lazima vyombo vya bei: ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli ukifungwa mlangoni unatosha kuvuta. Raga ni miezi 4 hadi 6, wengine zaidi. Aliyeshonwa misuli iliyochanika huenda akasubiri zaidi. Neno la daktari aliyemshona ndilo la kufuatwa, si la gazeti hili. Na asipelekwe kukandwa wala kuvutwa bega na mtu yeyote kijijini.

Najua vijana watauliza, mbona Jude Bellingham wa Real Madrid alifanyiwa upasuaji wa bega Julai 2025 na Septemba akacheza? Kweli. Lakini yeye ana wataalamu wa viungo kila siku, mpira wa miguu si raga, na hakuna aliyemtuma kisimani.

Hapo ndipo kwetu pana shida. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Jembe, kupasua kuni, kupakia miwa, hata kuendesha bodaboda, yote huvuta bega kabla ya mpira wowote. Kijana anakatazwa uwanja lakini anapewa jembe! Na msichana wa voliboli ndiye huchota maji zaidi. Kikundi kikigawana zamu za shamba na maji kwa miezi hiyo, kimemsaidia kuliko mchango wa pesa.

Kabla ya kurudi, mkono uinuke sawa na mwenzake, nguvu zikaribiane, aweze kujisukuma kutoka chini kwa mikono yote miwili bila woga. Aanze mazoezi bila kukabana, kisha akabane gunia lililojazwa, kisha mwenzake polepole, na mechi mwisho kabisa, daktari akisharuhusu. Akihisi bega linataka kuchomoka, au ganzi mkononi, aache, aende hospitali. Vivyo hivyo kidonda kikitoa usaha au homa ikipanda.

Maswali ya kuzungumzia:
Ni nani kwetu ana bega au goti lililoshonwa, na kazi zake za nyumbani anazifanya nani?
Kocha akimhitaji kijana kwa fainali kabla ya wakati, ni nani atasimama kumwambia "bado"?
Tyubu kuukuu tutazipata kwa fundi yupi?